Kutunga Shairi Lako Mwenyewe: Mwongozo Kamili kwa Asiyetaka Kunakili

Mahafali yakikaribia, au harusi, au mwalimu mkuu akistaafu, huwa kuna mtu mmoja anayeambiwa, "Wewe si ndiye mtu wa Kiswahili, tutungie shairi." Anakubali. Usiku wa kuamkia sherehe anafungua simu, anatafuta shairi la mahafali la watu wengine, anafuta jina la shule ile na kuweka la shule yake. Kesho yake mgeni rasmi anapigiwa makofi kwa sifa alizokwisha kupewa mgeni mwingine, mkoa mwingine. Ngonjera za shuleni zimeumia zaidi. Mathias Mnyampala alizieneza miaka ya 1960 zikiwa majibizano ya watu wenye hoja zinazogongana. Leo zipo shule ambazo ngonjera ni ileile iliyomo kwenye daftari kuukuu la mwalimu, na kinachobadilika ni tarehe.

Mashairi ya wanaoanza kutunga ninayasoma mara kwa mara, na sidhani wengi wananakili kwa uvivu. Wananakili kwa sababu wamekaa mbele ya karatasi mikono mitupu. Hawajakusanya kitu cha kusema, kwa hiyo kumbukumbu inawaletea iliyonacho: mishororo waliyoisikia redioni, kwenye taarabu, kwenye vitabu vya shule. Dawa yake ni kazi ya kufanya kabla ya kushika kalamu, na mwongozo huu sehemu kubwa unahusu kazi hiyo. Nitafuata shairi la tarbia, yaani la beti za mishororo minne, kwa kuwa ndilo linaloombwa zaidi, lakini hatua zinafaa pia kwa utenzi, kwa ngonjera, hata kwa maneno ya kadi ya harusi.

Kabla ya yote: jua cha wote na cha mtu

Wapo wanaoogopa hata kuanza, wakidhani kila kitu kimeshasemwa na kila watakachoandika kitaitwa wizi. Hofu hii inaondoka ukishajua mpaka uko wapi.

Bahari, yaani aina za mashairi kwa umbo lake, ni za wote. Mizani, yaani silabi, 16 kwa mshororo, vina, yaani silabi zinazofanana, vya kati na vya mwisho, ubeti wa mishororo minne, hayo hayana mwenyewe. Methali ni za wote. Kuanza kwa jina la Mungu, kuagiza wino na karatasi, kufunga kwa kaditamati, yote ni desturi, na kuifuata si kumwibia mtu. Mada nazo ni za wote: mapenzi, kifo, mama, nchi, dunia inayopita.

Mshororo alioutunga mtu ni wake. Jazanda, yaani picha ya maneno, aliyoibuni ni yake. Fumbo alilolifumba ni lake, na pia mpangilio wa hoja zake, hata ukibadilisha maneno yote. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya: wanachukua shairi la mwenzao beti kwa beti, wanaweka visawe, "huzuni" inakuwa "majonzi", "safari" inakuwa "mwendo", kisha wanaweka jina lao chini. Mawazo yametembea kwa njia ileile, kwa zamu ileile, na anayelijua shairi la kwanza atalitambua kabla ya ubeti wa tatu.

Tazama wakubwa walivyofanya. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi kuhusu Pate, mji uliokuwa na utajiri kisha ukaanguka. Kwamba dunia ni mapito, kila mtu alikuwa akilisema msikitini na barazani, naye hakuongeza hapo lolote jipya. Alichofanya ni kuingia kwenye majumba yale na kutazama. Akaona madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa sahani za thamani, sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Mada ni ya kila mtu, lakini yale madaka ni ya Sayyid Abdallah, kwa kuwa ndiye aliyeyatazama na kuyaweka kwenye ubeti.

Mwana Kupona naye, mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Alitumia mizani minane kama watunzi wengine wa tenzi, na aliagiza wino na karatasi kama desturi ilivyotaka. Lakini anayeagiza ni mama mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, na anayeagizwa ni binti atakayebaki. Desturi imepata mwenyewe.

Au mchukue Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi kilichohoji Kenya inakwenda wapi, na akatungia mashairi yake jela, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalipochapishwa mwaka 1973, wasomaji walikuta vina na mizani wanavyovifahamu tangu enzi za Muyaka bin Haji, mshairi wa mji uleule. Dhiki iliyomo ndani ilikuwa ya seli yake.

Hatua ya kwanza: kusanya

Usianze na ubeti. Anza na maswali, na uyaandike majibu kwa lugha ya kawaida, ovyoovyo, bila kujali kina wala mizani.

Ukitungia mtu, maswali yanayozaa kitu ni ya namna hii. Mikono yake inafanya nini kutwa? Anaamka saa ngapi, na kitu cha kwanza anachokigusa ni kipi? Kauli gani anairudia mpaka watoto wanaiga? Alikataa nini ambacho wengine wangekubali? Kitu gani chake kimechakaa kwa kutumika? Swali la "ana sifa gani" liache kabisa, maana jibu lake ni mpole, mcha Mungu, mchapakazi, mkarimu, na kwa majibu hayo utaandika shairi linalomfaa kila aliyezikwa wiki hii.

Kama humjui vizuri unayemtungia, nenda kaulize. Kwa mwalimu anayestaafu, tafuta mwanafunzi wake wa zamani, mwalimu mwenzake na mtu wa nyumbani kwake. Mmoja atakwambia alikuwa anaingia darasani na chaki kwenye mfuko wa shati, mwingine kwamba alimwita kila mwanafunzi kwa jina la babake, wa tatu kwamba baiskeli yake hakumwazima mtu ila siku aliyopelekwa mgonjwa zahanati. Hapo shairi limeshaanza, ingawa hujaandika mshororo hata mmoja.

Mazungumzo haya yape muda wake. Watu huanza kwa sifa za jumla kwa sababu ndizo za heshima. Mwache mzee aseme "alikuwa mtu wa watu," kisha umuulize kwa upole: "Nipe siku moja, bwana, alifanya nini?" Jibu la pili ndilo la kuandika. Na ukisikia jambo ambalo familia isingependa lisemwe mbele za watu, liache lilipo, uliaminiwa ulipoambiwa.

Ukitungia jambo badala ya mtu, mfano ukame, uchaguzi au bei ya unga, kanuni ni ileile: umeliona wapi kwa macho yako? Bei ya unga umeiona dukani, kwenye kipimo kilichopunguzwa, kwenye sufuria ya jirani. Anza hapo.

Siku ya kukusanya usisome mashairi ya mada hiyohiyo. Yasome siku nyingine, tena kwa wingi, kwa kuwa asiyesoma hawezi kujua nini kimechoka. Ila siku hii sikio liwe tupu.

Hatua ya pili: futa yanayomfaa kila mtu

Sasa una ukurasa au mbili za nathari. Pitia sentensi moja baada ya nyingine, na kila moja iulize: nikiiwekea jina la mtu mwingine, itabaki kweli? "Alinilea kwa upendo" inabaki kweli kwa mama wa yeyote. Futa. "Alikuwa nguzo ya familia." Futa. "Alifundika sarafu kwenye kanga na hakufungua mpaka siku ya ada." Hiyo iache, tena ipigie mstari.

Utashangaa kinachobaki ni kidogo. Kikibaki vitu vitano, vinatosha beti saba. Kisipobaki kitu, rudi hatua ya kwanza, kwa sababu ukilazimisha hapa ndipo utajikuta unafungua simu.

Hatua ya tatu: sema jambo lako kwa sentensi moja

Kwa vitu vilivyobaki, unataka kusema nini? Andika sentensi moja isiyo na mapambo. Mfano: mama alijinyima kila kitu ili mimi nisome. Au: mwalimu huyu alitujua kwa majina ya baba zetu, kwa hiyo hatukuweza kujificha. Sentensi hii haiingii kwenye shairi. Inakusaidia kujua kipi kitangulie, kipi kifuate, na kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, kibebe nini. Kama utaweka kibwagizo, yaani kituo kinachojirudia kila ubeti, kitoe hapa. Kibwagizo cha kuazima hujitambulisha haraka kuliko kitu kingine chochote, maana wasikilizaji wanakisikia mara saba.

Hatua ya nne: chagua bahari

Kwa shairi la kughani mbele ya watu, tarbia inatosha: mishororo minne, kila mmoja una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani minane kwa minane, vina vya kati vinafanana na vya mwisho vinafanana. Kwa kisa kirefu utenzi ni bora: mizani minane kwa mshororo, mishororo mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, na wa nne unabeba kina kinachopita tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Kuhesabu mizani ni kuhesabu silabi jinsi zinavyotamkwa. *Jikoni* ni tatu. *Mkononi* ni nne, kwa kuwa ile *m* ya mwanzo inasimama peke yake. *Yakichemka* ni tano: ya-ki-che-m-ka. Pigia vidole mezani mpaka sikio lizoee.

Na mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani? Mjadala wake ulikuwa mkali miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya kwanza mwaka 1974, na sikusudii kuufungua tena hapa. Ninachosema ni kwamba kuacha vina hakumfanyi mtu asiwe mwigaji. Mashairi huru nayo yana misemo yake iliyochakaa.

Hatua ya tano: vina vitoke kwenye kurasa zako

Hapa ndipo kunakili kunapoingia bila mtu kujua. Mtunzi anachagua kina cha *-ni*, kwa kuwa ni rahisi, na papo hapo kinywa kinamletea *moyoni, duniani, gizani, machoni*. Maneno hayo yamekwisha kukaa pamoja kwenye mashairi maelfu, na kila moja linakuja na mshororo wake mkononi. Mtunzi anadhani ametunga, kumbe amekumbuka.

Fanya hivi. Rudi kwenye kurasa zako za nathari, uzungushie duara maneno yote yaliyomo: vitu, vitendo, mahali. Yapange kwa miisho yake. Kundi lenye maneno mengi ndilo litakupa kina. Ukikosa neno, uliza kwanza kama kuna kitu kingine kwenye kurasa hizo chenye mwisho huo, kabla ya kwenda kwenye kamusi, na kumbukumbu ya mashairi iwe ya mwisho kabisa.

Hatua ya sita: andika, kisha andika upya

Nikuonyeshe kwa ubeti mmoja. Kijana anamtungia mama yake aliyemsomesha kwa kuuza vitumbua. Asipokusanya kitu, ataandika ubeti wa namna hii:

*Kalamu naikamata, niseme yalo moyoni,*
*Mwengine sitampata, kama wewe duniani,*
*Mama, dhiki ulipita, ukinibeba tumboni,*
*Wewe ni nuru ya nyota, iangazayo gizani.*

Mizani imetimia, vina vimekaa. Hakuna kosa la arudhi, yaani kanuni za utunzi, hata moja. Lakini hakuna mama humu. Muuza vitumbua wa Tanga na mke wa balozi wote wangepokea ubeti huu, na hakuna kati yao ambaye angesema, "Huyu ni mimi." Moyoni, duniani, tumboni, gizani: vina vyenyewe ndivyo vilivyoandika.

Sasa kijana huyohuyo akae na kurasa zake. Ameandika: anaamka usiku kuwasha moto, mafuta yanamrukia mkononi, ana makovu, sarafu anazifundika kwenye ncha ya kanga, fundo hilo hafungui hata akiumwa, mpaka ada. Maneno yaliyomo yanaishia *-ni* kwa wingi, jikoni, mkononi, kangani, shuleni, na vitendo vinaishia *-ka*: amka, chemka, weka. Vina vimejileta.

*Usiku ukiamka, kuwasha moto jikoni,*
*Mafuta yakichemka, yakiruka mkononi,*
*Sarafu ukaziweka, ukafundika kangani,*
*Fundo halikufunguka, ila kwa ada shuleni.*

Kina cha mwisho ni kilekile cha *-ni* kilichotumika kwenye ubeti wa kwanza. Usikilaumu kina. Tofauti ni kwamba huku kimeangukia vitu vilivyokuwepo nyumbani kwao.

Utazame zaidi mshororo wa nne, kwa kuwa una somo. Jaribio la kwanza lingekuwa *Fundo ukalifungua, siku ya ada shuleni*. Mizani ni minane kwa minane, maana ni kweli, lakini *ukalifungua* kinavunja kina cha kati, maana tumeshaahidi *-ka*. Mtunzi mwenye haraka angetupa habari ya fundo na kuazima kipande cha mtu chenye *-ka*. Ukivumilia, unageuza kitenzi: *funguka*. Na *funguka* hakikubali kubaki vilevile. Kinauliza, lilifunguka lini? Jibu, halikufunguka ila kwa ada. Kauli imekuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa kuwa sasa ndani yake mna siku zote ambazo fundo lingeweza kufunguliwa na halikufunguliwa. Sheria ya kina ilimlazimisha mtunzi kufikiri, na alichokipata si cha mtu mwingine. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vina vinaua ubunifu. Kinachoua ni kukimbilia neno la kwanza lililokuja.

Uhuru wa mshairi upo: *yalo* kwa "yaliyo", *mfanowe* kwa "mfano wake", neno la Kimvita au la Kiamu, lahaja za Mombasa na Lamu, pale linapokaa vizuri. Utumie kwa kiasi. Wengine wanajaza inkisari, yaani maneno yaliyofupishwa, na maneno ya kale ili shairi lionekane la malenga, ilhali hawayasemi nyumbani wala hawana hakika ya maana yake. Huko nako ni kuvaa sauti ya mtu. Kama kwenu mnasema "mwingine", andika "mwingine".

Hatua ya saba: ukikopa, kopa waziwazi

Utamaduni wetu haujakataza kukopa. Umeweka adabu yake, na adabu hiyo inapendeza kuliko wizi.

Ipo takhmisa. Mtunzi anachukua beti za mwenzake aliyemtangulia, zenye mishororo miwili, na kila ubeti anauongezea mishororo mitatu yake hadi itimie mitano. Takhmisa inayohusishwa na Sayyid Abdallah, yule wa Al-Inkishafi, ilijengwa juu ya tungo za mshairi wa kale, Liongo Fumo, na jina la Liongo halikufutwa. Msomaji anajua ipi ya nani. Ukipenda shairi la mtu kiasi cha kulitamani, litungie takhmisa. Utalazimika kufikiri sawa naye, kwa kina chake, na juhudi zako zitaonekana.

Yapo malumbano. Wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka upande wa Mvita na Bwana Zahidi Mngumi upande wa Lamu walipigana kwa tungo. Katika kujibizana ni ruhusa kuchukua neno la mwenzako, hata mshororo wake, ukaugeuza dhidi yake, kwa kuwa kila msikilizaji anajua umetoka kwa nani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji, na kurasa za namna hiyo zikawa uwanja wa kuulizana na kujibiana.

Na kipo kitu rahisi kuliko vyote: kutaja. Ukitumia mshororo wa mtu, sema kwenye utangulizi kabla ya kughani, au utie jina lake ndani ya ubeti. Mizani minane ina nafasi ya kutosha jina la mtu na neno "asema".

Fikiri pia jinsi Muyaka alivyotufikia. Alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa, mpaka Mwalimu Sikujua akazikusanya na kumsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuziandika, kitabu kilitoka mwaka 1940. Katika miaka yote ile kila aliyezighani angeweza kusema ni zake, na hapakuwa na karatasi ya kumsuta. Walisema, "Muyaka asema." Kwa uaminifu wao tunalo jina lake leo.

Hatua ya nane: kagua kabla ya kutoa

Fanya majaribio matatu, shairi likiwa limelala siku kadhaa.

La kwanza ni la jina. Ondoa jina la uliyemtungia, weka la jirani. Mshororo utakaobaki kweli kabisa ni wa jumla mno. Si lazima uitoe yote, shairi linahitaji pia mahali pa kupumua, lakini ikizidi nusu, rudi kazini.

La pili ni la chanzo. Kila mshororo unaoupenda sana, ule unaokufanya ujisikie malenga, jiulize umetoka wapi. Mara nyingi mshororo uliokuja mzimamzima, bila kusuguliwa, ni wa mtu. Kumbukumbu inaficha jina la mwenyewe na kuacha sauti tu, hasa kwa nyimbo tulizozisikia utotoni. Uandike mshororo huo kwenye intaneti ndani ya alama za nukuu. Kisha msomee mtu aliyesoma diwani nyingi kuliko wewe, maana mashairi mengi ya Kiswahili hayako mtandaoni. Yako vitabuni na vichwani.

La tatu ni la sikio. Ghani kwa sauti mbele ya mtu anayemfahamu mhusika, na umtazame. Akitabasamu mahali, paache. Akisema tu "zuri sana", uliza ni wapi hasa, na kama hana mahali pa kutaja, hapajakuwa na mahali.

Ukigundua mshororo ni wa mtu, una njia mbili, kuutoa au kumtaja. Kubadilisha neno moja ili usitambulike ni njia ya tatu ambayo haifai, kwa kuwa sasa unajua.

Kuhusu programu za simu zinazotunga shairi ukizipa mada: zitakupa ule ubeti wa kwanza wa "nuru ya nyota", tena pengine mizani ikiwa pungufu. Hazikuwepo jikoni. Ukitaka zikutafutie maneno yenye mwisho fulani, sawa, lakini wewe ndiye wa kujaza kurasa za hatua ya kwanza, na ukishazijaza utaona huhitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya tisa: weka jina, tunza ushahidi

Watunzi wa kale walitia majina yao kwenye beti za mwisho, na wewe fanya hivyo: jina au lakabu, mji, ikiwezekana na mwaka. Anayenakili na kukata ubeti wa mwisho atakuwa amekata kwa kujua.

Kisheria, shairi ni lako tangu unapoliandika, bila kusubiri cheti. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na chombo chake ni COSOTA; Zanzibar ina COSOZA; Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na bodi yake, KECOBO. Tanzania Bara na Kenya ulinzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Kinacholindwa ni jinsi ulivyolisema jambo. Wazo lenyewe halina mlinzi, kwa hiyo huwezi kumzuia mtu kutunga kuhusu mama muuza vitumbua, lakini beti zako anazipata kwa ruhusa yako. Kusajili kunasaidia ugomvi ukitokea, na kama shairi litaimbwa au kuchapishwa kwa malipo, sajili. Kwa mengine, tunza rasimu zako zenye mistari iliyokatwa. Daftari lenye *ukalifungua* iliyofutwa na *halikufunguka* iliyoandikwa juu yake ni ushahidi ambao mwizi hana.

Ukikuta shairi lako limetolewa kwa jina la mwingine, mwandikie kwanza yeye, kwa staha, ukimwambatishia rasimu na tarehe. Wengi hurekebisha. Akikaidi, mwandikie aliyelichapa au aliyelirusha hewani, kisha uende kwenye chombo cha hakimiliki.

Siku ya kughani

Usiazime sauti ya malenga unayempenda. Mahadhi ni ya wote, chagua linaloendana na mizani yako, lakini pumzi na kasi ziwe zako. Kwa shairi la mtu aliyepo ukumbini, mkabidhi nakala iliyoandikwa vizuri mara tu unapomaliza, kabla ya picha, ikiwa na jina lake juu na lako chini. Na kabla hujapanda jukwaani, waambie waliokupa habari, yule mwanafunzi wa zamani na yule mtu wa nyumbani, kwamba maneno yao yamo, ili wakiyasikia wayatambue.